Google Fonts: ghala zuri, usafirishaji wa wastani

Google Fonts ni huduma mbili chini ya jina moja, na tathmini nyingi huharibika kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni ghala: zaidi ya familia 1,500 za fonti, bure, zenye leseni inayoeleweka. Ya pili ni usafirishaji: unabandika mstari mmoja kwenye tovuti yako, na kila msomaji akifungua ukurasa, seva za Google zinamletea fonti. Ghala linastahili sifa zake, tunalipatia alama 9 kati ya 10. Usafirishaji ulikuwa na faida kubwa zamani, lakini faida hiyo ilishakwisha na watu wanaendelea kuubandika ule mstari kwa mazoea. Huo tunaupa 5.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: chukua fonti huko, lakini zihifadhi kwako. Sababu na namna ya kufanya ziko hapa chini.

Ghala lenyewe

Huduma ilianza 2010, wakati tovuti nyingi zilikuwa zinazunguka na Arial, Verdana, Georgia na Times New Roman kwa sababu ndizo zilizokuwa tayari kwenye kompyuta za watu. Bure yake ni ya kweli: hakuna kujisajili, hakuna kuhesabiwa wasomaji, hakuna toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya lile la bure.

Kasoro ni kwamba kila kitu kimepangwa rafu moja. Source Serif, iliyochorwa na Frank Grießhammer wa Adobe, ina uzito (unene wa herufi) wa kila namna, ina mlazo (herufi zilizoinama) uliochorwa kwa mkono wake, na maumbo yake hubadilika kulingana na ukubwa wa maandishi. Jirani yake utakuta fonti ya mapambo yenye uzito mmoja, nzuri kwa kadi tu. Zote mbili zina kisanduku cha ukubwa uleule kwenye matokeo ya utafutaji. Kupanga kwa umaarufu hakusaidii sana, maana umaarufu unaonyesha fonti iliyomo kwenye violezo vingi, na hiyo si lazima iwe ndiyo inayosomeka.

Mtego mkubwa zaidi ni ukubwa wa mfano. Tovuti inakuonyesha fonti kwa saizi ya kichwa cha habari, na karibu kila fonti hupendeza ikiwa kubwa. Shusha kitelezi hadi pikseli 16, futa sentensi waliyokuwekea, andika yako. Sisi hutumia hii:

Watoto wakawakwepa ng’ombe. Yai, Tatu, Vazi. 1,117 na 8,880. Il1 O0 rn m

Haina maana yoyote, lakini kila kipande kina kazi. Anza na *Wa*. Mkono wa W umeinama, kwa hiyo a ikiwekwa kwa kipimo cha kawaida linabaki pengo chini yake na neno linasomeka kama *W atoto*. Mchoraji makini huisogeza a iingie chini ya mkono huo. Ni hivyohivyo kwa Ya, Ta na Va. Kwenye Kiswahili jambo hili si dogo, kwa kuwa sentensi nyingi huanza na jozi hizo hasa: Watu, Wanafunzi, Yale, Tangu, Vazi. Fonti iliyopuuza jozi hizo itaonekana mbovu kila aya.

Halafu tazama *wakawakwepa*. Lugha yetu imejaa k na w, herufi za mistari ya kuinama, na kwenye fonti nyembamba hukusanyika zikafanya doa jeusi katikati ya mstari. Sogea nyuma hatua mbili kutoka kwenye skrini, fumba macho nusu. Kama mstari una madoa, achana na fonti hiyo kwa matini marefu hata kama herufi mojamoja zinapendeza.

Ritifaa ndiyo inayozivunja fonti nyingi, tena bila mtu kugundua mpaka kazi imeshatoka. Chukua neno *ng’ang’ania* kwa saizi 18 ulitazame kwa karibu. Kuna alama tatu tofauti zinazoweza kukaa pale, kila moja na namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta. U+0027 ndiyo alama iliyonyooka ya kibodi, urithi wa mashine za taipu. U+2019 ndiyo iliyopinda, ya uchapaji. U+02BC ina umbo kama la pili, ila kompyuta huihesabu kuwa herufi kamili. Wanaisimu huipenda hii ya tatu, na hoja yao ni nzuri, lakini kibodi za kawaida haziitoi, na fonti nyingi hazina umbo lake. Isipokuwepo, kivinjari hukopa kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno lako kunatokea kijiti kilichonenepa kuliko wenzake. Kwa kazi za kuchapisha tumia U+2019.

Ukishachagua alama, angalia nafasi. Fonti nyingi zimepimwa kwa Kiingereza, ambako ritifaa hukaa zaidi kabla ya s na t. Jozi ya g na ritifaa, na kisha ritifaa na o au a, haikumsumbua mchoraji. Kwenye fonti nyingi zenye serifi (vijikia kwenye ncha za herufi), g ya matundu mawili ina sikio linalochomoza juu kulia, na ritifaa huweza kuligonga. Nyingine hukwepa mgongano huo kwa kuacha uwazi, ukapata *ng’ ombe*. Tiba ya kubandika nafasi hasi kwa CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa) kwenye kila neno ni mateso; badilisha fonti, au, kama unaipenda mno, rekebisha jozi hiyo ndani ya fonti yenyewe kwa programu kama FontForge. Leseni inakuruhusu, kwa sharti moja tutakalolifikia.

Tarakimu: andika 1,117 juu ya 8,880. Kama safu hazilingani, fonti inatumia tarakimu za upana tofauti, jambo zuri ndani ya aya na baya ndani ya jedwali. Jaribu `font-variant-numeric: tabular-nums`. Pasipobadilika kitu, huenda fonti haina tarakimu za upana sawa, usiitumie kwa bei wala matokeo. Kwa misimbo na namba za usajili, ambako I kubwa, l ndogo na 1 hugombanisha watu, Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute inafaa: ilichorwa kwa wenye uoni hafifu, ili herufi zinazofanana zitofautike.

Mwisho angalia kama kuna mlazo na uzito wa kweli. Oswald na Quicksand, kwa mfano, hazina mlazo. Ukiziagiza ziwe za mlazo, kivinjari huzisukuma ziiname kwa nguvu, na herufi nzito zisizokuwepo hunenepeshwa kwa kupakwa wino pembeni. Unataka kujua kama unadanganywa? Weka `font-synthesis: none` kwenye ukurasa. Maneno yaliyokuwa ya mlazo yakisimama wima, ulikuwa unadanganywa.

Jambo moja la kulalamikia ghala lenyewe: matoleo. Lato 2.0 ilitoka 2014 ikiwa na herufi nyingi zaidi, ila kwa miaka mingi baadaye Google Fonts iliendelea kugawa Lato ya zamani. Kabla ya kuanza kazi kubwa, linganisha toleo la ghalani na lile lililo kwenye ukurasa wa mchoraji mwenyewe.

Leseni, kwa ufupi

Fonti nyingi zimo chini ya SIL Open Font License (OFL) 1.1, ya 2007. Chache ziko chini ya Apache 2.0 au leseni ya Ubuntu. Chini ya OFL unaweza kuitumia kwenye nembo, kitabu, fulana, programu ya simu, na kazi ya biashara bila kumwomba mtu. Huwezi kuiuza fonti ikiwa peke yake. Ukiibadilisha na kuigawa, lazima ibaki chini ya OFL. Ukiifungasha ndani ya programu, weka na maandishi ya leseni.

Lile sharti sasa: fungua OFL.txt, faili la leseni linalokuja na fonti, soma mistari ya mwanzo. Ukiona maneno *with Reserved Font Name*, basi toleo ulilolibadilisha haliruhusiwi kubeba jina hilo. Kuondoa herufi usizozihitaji kunahesabiwa kuwa kubadilisha. Kuihamisha tu kwenye WOFF2, muundo wa fonti uliobanwa kwa ajili ya tovuti, bila kugusa kitu kingine hakuhesabiwi. Fonti nyingi za ghala hili hazina sharti hilo, ila chukua nusu dakika uhakikishe.

Usafirishaji

Hoja ya zamani ilikuwa hivi: msomaji alishapakua Roboto kwenye tovuti nyingine, kwa hiyo kwako itatoka kwenye akiba ya kivinjari papo hapo. Hoja hiyo imekufa. Kivinjari cha Safari kilitenganisha akiba ya kila tovuti tangu 2013, Chrome ikafuata kwa toleo la 86 mwaka 2020, Firefox kwa toleo la 85 mwanzoni mwa 2021. Leo kila tovuti inapakua nakala yake, hata kama faili ni lilelile.

Kilichobaki ni gharama. Mstari ule unamlazimisha msomaji aunganishwe na seva mbili mpya: fonts.googleapis.com kwa CSS, kisha fonts.gstatic.com kwa fonti zenyewe. Kila moja inataka kutafutiwa anwani, kupigiwa hodi na kukubaliana funguo za usiri kabla baiti ya kwanza haijafika. Kwenye mtandao wa kasi huhisi kitu. Kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua, maandishi ya ukurasa hukaa yakisubiri. Amri ya `preconnect`, inayoanzisha muunganisho mapema, inapunguza makali, haiyaondoi. Na ile CSS hukaa kwenye akiba saa 24 tu, tofauti na mafaili ya fonti yanayokaa mwaka.

Halafu huwezi kufungia toleo. Google ikisasisha fonti, tovuti yako inapata mpya bila kuulizwa. Mara nyingi ni heri. Lakini vipimo vikibadilika kidogo, kitufe kilichokuwa na mstari mmoja kinakuwa na miwili, na fundi atatafuta kosa kwenye msimbo wake siku nzima.

Kuna na suala la faragha. Tarehe 20 Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti mmoja amlipe mgeni wa tovuti hiyo yuro 100, kwa kuwa ukurasa ulipeleka anwani yake ya IP kwa Google bila ridhaa kwa njia ya Google Fonts. Kiasi ni kidogo. Ila fonti ileile ingewekwa kwenye seva ya mwenye tovuti, kesi isingekuwepo.

Kuihifadhi mwenyewe

Bonyeza kitufe cha kupakua familia. Zipu inakuja na mafaili ya TTF, muundo wa kawaida wa kompyuta, si WOFF2, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuipandisha TTF ilivyo. Faili la fonti inayobadilika (yenye uzito wote ndani ya faili moja), lenye lugha zote, linaweza kufika mamia ya kilobaiti. Herufi za Kilatini za uzito mmoja, zikibanwa kwa WOFF2, mara nyingi huwa kilobaiti 15 hadi 25.

Unahitaji Python na vifurushi viwili: `pip install fonttools brotli`. Bila brotli, amri itakataa kutoa WOFF2. Kama fonti ni ya kubadilika na unahitaji uzito wa 400 hadi 700 tu, kata kwanza:

`fonttools varLib.instancer fonti.ttf wght=400:700 -o fupi.ttf`

Kisha punguza herufi:

`pyftsubset fupi.ttf --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+02BC,U+2010-2026,U+20AC" --layout-features="*" --flavor=woff2 --output-file=matini.woff2`

Masafa ya U+2010-2026 usiyasahau. Humo ndimo zimo ritifaa iliyopinda, alama za kunukuu, vistari virefu na nukta tatu. Mtu akichukua ASCII (herufi na alama za msingi za kibodi) peke yake, ukurasa mzima unakuwa sawa isipokuwa kila ng’ombe, ambaye ritifaa yake inatoka fonti nyingine. Kosa hili tunaliona mno.

Kwenye CSS:

`@font-face { font-family: "Matini"; src: url("/fonti/matini.woff2") format("woff2"); font-weight: 400 700; font-style: normal; font-display: swap; }`

Ile `font-weight: 400 700` ndiyo roho ya mstari huo. Ukiiacha, kivinjari hudhani faili lina 400 pekee na kuzinenepesha herufi nzito kwa wino wa bandia, ilhali 700 halisi imelala ndani ya faili hilohilo.

Ukitaka fonti ianze kupakuliwa mapema, weka `<link rel="preload" href="/fonti/matini.woff2" as="font" type="font/woff2" crossorigin>`. Neno `crossorigin` linatakiwa hata kama fonti iko kwenye tovuti yako mwenyewe. Bila hilo faili linapakuliwa mara mbili. Pakia mapema fonti ya matini tu, labda na ya vichwa. Ukipakia sita, umeweka kila kitu kwenye foleni na hujatanguliza chochote. Kwenye seva weka `Cache-Control: public, max-age=31536000, immutable`, na siku ukibadilisha fonti badilisha na jina la faili.

Kuhusu ile `font-display: swap`: msomaji anaona fonti ya muda kwanza, kisha yako inaingia na aya zinaruka. Kwa `optional` kivinjari husubiri takriban milisekunde 100, na fonti isipofika inaachwa kwa ziara hiyo, hakuna kuruka. Kwa matini marefu sisi tunapendelea `optional`, kwa nembo na vichwa `swap`. Ukibaki na `swap`, tengeneza fonti ya muda kwa `local("Georgia")` na `size-adjust`, ukibadilisha asilimia mpaka aya ya majaribio ishike idadi ileile ya mistari kwa fonti zote mbili. Kumbuka simu za Android kwa kawaida hazina Georgia, kwa hiyo huko kipimo hicho hakifanyi kazi. Watengenezee nyingine ya Noto Serif.

Asiyependa amri za Python ana Fontsource, ambayo hutoa fonti hizihizi kama vifurushi vya npm (mfumo wa kupakua vifurushi vya JavaScript), zikiwa WOFF2 tayari na namba za toleo unazoweza kuzifungia. Kwa miradi inayotumia npm hakuna sababu ya kuhangaika na njia ya juu.

Hati na uchapaji wa karatasi

Zipu ya fonti inayobadilika huwa na faili lenye VariableFont kwenye jina, pamoja na folda ya *static*. Kwa kompyuta sakinisha kundi moja tu. Ukisakinisha yote, majina ya familia yanagongana: menyu inaonyesha fonti mara mbili, au hati inaonekana hivi kwenye skrini na vile kwenye karatasi. Kwa programu za kuandikia hati chagua *static*, maana baadhi yake huiona fonti inayobadilika kama uzito mmoja, na ukibonyeza B unapata unene wa bandia. Kabla ya kupeleka PDF kwa mchapaji, endesha `pdffonts hati.pdf` (imo kwenye Poppler, kifurushi huru cha zana za PDF) na uhakikishe safu ya *emb*, yaani fonti imo ndani ya PDF, inasema *yes* kila mstari.

Wanaochapa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu nao wamo ghalani: Amiri ya Khaled Hosny, na Scheherazade New ya SIL. Jaribu kwanza پ چ ڤ ڠ mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Usiongeze nafasi kati ya herufi kwa CSS, kwa sababu maungio yatakatika, na nafasi ya mistari ianzie 1.8 au zaidi ili irabu za juu na za chini zisigongane.

Kuna hali mbili ambazo ule mstari wa Google bado unatushinda. Moja ni Kijapani, Kichina na Kikorea: faili la Noto Sans ya Kijapani ni kubwa mno kulibeba zima, na Google hulikata vipande zaidi ya 100, kila msomaji akapakua vile tu vyenye herufi za ukurasa huo. Kuifanya kazi hiyo mwenyewe kunawezekana, ila si kwa mchana mmoja. Nyingine ni tangazo la siku mbili tatu lenye kichwa kimoja kwa fonti ya mapambo: ongeza `&text=` na herufi za kichwa hicho mwishoni mwa kiungo, nao wanakuletea faili dogo lenye herufi hizo peke yake. Kichwa kikibadilika, badilisha na kiungo, la sivyo herufi mpya zitatoka kwenye fonti nyingine.